Kamba ya Mafundo

Chuo kilitushusha Handali na godoro mojamoja,
fomu za kurasa kumi na nne
na vidonge vya kutibu maji.
"Muhula huu," alisema msimamizi, mguu mmoja bado garini,
"darasa lenu ni kaya. Ishini. Pimeni. Andikeni."
Vumbi likamsindikiza hadi lami.

Mimi ni Kokusima, mwaka wa tatu, Takwimu.
Nimekulia kwenye migomba ya Muleba.
Uwele nilikuwa nimeuona katika jedwali tu:
tani kwa hekta, safu ya nne.
Jina langu liliwapiga chenga. Wakaniita Mpima.

Mgeni siku mbili. Ya tatu, kwa Mama Chedego,
sikupewa jembe, nilipewa kombeo,
nikapandishwa dunguni kuamia ndege
na Nyemo wa darasa la tatu,
ambaye hakuamini kwamba mtu anafika chuo kikuu
bila kujua kurusha jiwe.
La kwanza lilinirudia begani.
La pili lilimpata mbuzi wa jirani.
Kwelea wakashuka, shamba zima likasinyaa.
"Piga kelele!"
"Niseme nini?"
"Chochote. Ndege hasahihishi."
Basi nikawapigia nilichokuwa nacho:
Wastani! Mkengeuko! Sampuli nasibu!
Wakaruka wote kwa mkupuo.
Sijawahi kupata matokeo ya haraka hivyo.

Kila Ijumaa nilipima kihenge.
Nilikuwa na kamba, fundo kila shibiri,
naishusha gizani mpaka iguse nafaka,
nahesabu, naandika.
Kanuni niliijua: watu watano, milo miwili,
gramu kadhaa kwa kichwa.
Lakini kila wiki kamba ilizama kupita hesabu,
si sana, vibaba vinne hivi,
kwa ukaidi uleule.

Nikaandika: kosa la upimaji.
Nikaifunga kamba upya.
Nikaandika: panya.

Nikamwuliza Mama Chedego, kwa sauti ya fomu,
kama kuna nafaka inayouzwa, inayoazimwa,
inayokwenda kwenye pombe.
Alikuwa anasonga. Ugali wa uwele una rangi ya wingu
lile ambalo Handali hulitazama na kuogopa kulisema.
Alisonga mpaka mwisho, akaukata,
akaweka pande langu kwenye sahani ya bati yenye ua,
ile pekee isiyotoboka,
akamimina mlenda kando.
"Kula kwanza," alisema. "Utahesabu ukishiba."

Nikala. Hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya.
Nikala, nikalamba vidole.

Usiku, chini ya paa la udongo la tembe,
nikawasha tochi ya simu.
Siku hamsini na tatu. Milo miwili.
Gramu kadhaa, kwa kichwa kimoja.
Jibu likaja na kukaa pale pale
palipokuwa na pengo.

Panya alikuwa na kitambulisho cha chuo.

Asubuhi nilifuta tano, nikaandika sita,
ukurasa wa kwanza, kwa kalamu isiyofutika.
Nikawahi dunguni kabla ya jua
na sikushuka mpaka koo lilipokauka.
Godoro nililiacha baadaye. Simu sikuiacha.
Sijui kama hizo ni vibaba vingapi.

Msimamizi alirudi mara moja, kwa nusu saa,
akafungua fomu juu ya boneti.
"Mtafiti hahesabiwi," akasema,
akazungushia ile sita duara jekundu.
Nilipata B.

Siku ya kuondoka nilitafuta kamba yangu kila mahali.
Nyemo alikuwa ameichukua.
Ameketi kizingitini, ulimi nje,
anafungua mafundo kwa meno, moja baada ya moja.
"Hii ni imara, Mpima," aliniambia.
"Kombeo letu limechoka."