Kutwa Moja, Mafuta Juu Yangu

Tulipatana laki na ishirini,
kutwa moja, mafuta juu yangu,
na foleni ya Morocco ikitula saa mbili
hiyo ni ya Mungu, hakuna nyongeza.

Alishuka stendi ya Mbezi alfajiri
na kreti nne zilizofungwa kamba ya katani,
Eutropia Chilongani, wa Hombolo kwenye zabibu,
vumbi jekundu bado limeshika pindo la kitenge.
Akaniuliza jina.
"Mwinjuma."
Akazitazama chupa, akanitazama mimi.
"Basi utanisamehe, Mwinjuma."
Nikamwambia, gari halina dini, mama,
lina bima tu.

Masaki tulibisha hoteli saba.
Ya kwanza, meneja yuko kikaoni.
Ya pili, meneja ndiye huyo aliyetuambia hayupo.
Ya tatu walionja, wakatikisa vichwa kwa adabu:
wateja wetu wamezoea ya Kusini.
Nyingine sizisemi.
Mimi nilikuwa nje, injini nimezima,
naziona kreti zikitoka jinsi zilivyoingia,
na yeye nyuma yake, kila mara
akiwa amenyooka zaidi.

Saa saba tukala wali maharage pale Namanga.
Akageuza chupa, akanionyesha lebo:
ngome, minara mitatu, bendera inapepea,
na daraja la minyororo juu ya maji.
"Mchapaji aliniambia mvinyo bila ngome haununuliki.
Miaka kumi na minne napogoa mizabibu,
ngome sijaiona hata moja.
Hapa kwenu hakuna?"

Hilo halikuwemo katika mapatano.
Nikageuza gari.

Boma la Kale akaliwekea kiganja,
mawe ya matumbawe, chokaa inamenyeka,
boriti za mikoko zimechungulia ukutani.
"Mnara uko wapi?"
Hauna, mama.
"Sasa adui aliingilia wapi?"
Mlangoni. Alikuja na karatasi.
Akacheka mpaka mlinzi akasogea.

Kunduchi jua lilikuwa limelegea.
Nguzo za makaburi zimesimama vichakani,
na juu yake vishimo vya duara
palipokuwa na mabakuli ya Kichina;
walioyang'oa hawakuacha risiti.
Akatoa chupa mkobani, bila kufikiri,
akapima kitako chake kwenye kishimo.
Kikaenea.
Nikasema taratibu, mama,
hawa waliolala hapa ni watu wa msikiti.
Akaitoa upesi kama aliyeungua.
Akaomba radhi. Si kwangu,
kwa jiwe.

Ni mimi niliyekosa baada ya hapo.
Matuta ya Mtongani nayajua kama ngazi za kwetu,
lakini nilikuwa nawaza yale mabakuli,
nikaliruka moja.
Nyuma kukalia kama sahani za harusi.
Chupa tano. Zulia likanywa lote.
Nikangoja anitukane.
Akafungua dirisha, akasema,
"Angalau Dar es Salaam kuna mmoja aliyemaliza."

Magharibi, Sinza, mwoka keki mmoja
akanunua kreti mbili za kulowekea zabibu kavu.
Hakuuliza ngome. Aliuliza bei.
Eutropia akanihesabia laki na ishirini kamili,
nikarudisha thelathini kwa ajili ya lile tuta,
akazikataa, nikazisukuma, akazikataa,
mwisho zikabaki juu ya dashibodi
wala sijui ni za nani.

Nyumbani Zamoyoni alinikuta mlangoni,
akavuta pumzi mara moja, akanyamaza.
Nilieleza usiku kucha, mpaka kwenye mabakuli.
Aliamini kuanzia kwenye mabakuli.

Zulia nimeliosha kwa Omo, kwa ndimu, kwa udi.
Jua likiwaka, harufu inainuka yenyewe,
na abiria wa nyuma huinama:
"Dereva, umekunywa?"
Hapana, bosi. Funga mkanda.
Kuna ngome ilibomoka Mtongani.