Ukurasa wa Thelathini na Moja

Taa zilipowashwa ukumbini pale Makorora
watoto walibaki wameduwaa, midomo myekundu kwa ubuyu,
wakikodolea shuka jeupe ukutani
kana kwamba kalunguyeye angerudi kuaga.
Sisi wazazi tulianza kusema kabla hatujainuka vitini.

Mama Semeni alishikilia viatu.
"Kitabuni mtoto yule anakwenda pekupeku,
mwiba unamchoma, anainama kuung'oa,
ndipo anapomwona mnyama chini ya mkonge.
Huyu wao kavaa raba nyeupe!
Mwiba ungempatia wapi?"

Mwalimu Singano alisikitikia lugha:
bibi mzaa mama, mtu wa Muheza,
anaongea kama msoma taarifa ya habari.

Na Baba Shemdoe, aliyekoroma tangu mwanzo
hadi yanapita majina ya wapishi na madereva,
ndiye aliyekuwa na maoni marefu kuliko wote.
Alisema picha imekosa mafunzo.

Yupo aliyelalamikia radi,
mwanawe wa miaka minne kamlowesha mapajani
na kanga ndiyo kwanza imetoka dukani.
Yupo aliyesema, mradi wamecheka,
kwa shilingi elfu moja mlitaka nini tena?

Lakini ubishi wenyewe, ule wa kusimama
na kufunga kanga upya,
ulikuwa juu ya mwisho.
Kitabuni kalunguyeye anakufa.
Ukurasa wa thelathini na moja, baada ya mvua ya usiku,
mtoto anamkuta kajikunja kama furushi
wala hajikunjui.
Kwenye filamu anajikunjua, anapiga chafya,
na ngoma inaanza.

"Wamewahurumia watoto," akasema Zuwena.
"Wamewaibia," akajibu Hoza.
"Kitabu kile ndicho nilichomwambia nacho mwanangu
habari za bibi yake.
Sasa ataniuliza, mbona bibi hapigi chafya."

Hapo hata Baba Shemdoe alinyamaza.

Mimi sikuwa nimesema neno tangu mwanzo.
Nilikuwa nafuta kiti kisicho na vumbi.

Maana mwaka ule tuliporudi kutoka Bombo
na shali isiyo na mtoto,
na Tunu mlangoni akiuliza mdogo wake yuko wapi,
nilikoroga unga wa muhogo usiku, mwepesi kama gundi,
nikaubandika ukurasa wa thelathini
juu ya wa thelathini na moja.
Tangu siku hiyo, nikifika hapo
nilisoma kisichoandikwa:
akajikunjua, akatazama huku na huku,
akaomba maji.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Tunu.
Barabara ya Kumi na Mbili umeme ulikuwa umekatika,
wauza mihogo wamewasha vibatari.
Nikamuuliza, umeipenda?
Akatafuna kashata yake mpaka ikaisha.
"Ile filamu," akasema, "imesoma kama wewe."

Nikasimama. Kama mimi vipi?

"Niliubandua kwa mvuke wa birika.
Zamani. Nilipokuwa darasa la pili.
Kisha nikaubandika tena."

Mbona hukuniambia?

Akainua mabega, kama baba yake.
"Nilidhani ukijua nimejua
hutampa maji tena."

Usiku ule alikileta kitabu mwenyewe,
akapafungua pale penye makovu ya muhogo,
karatasi imechanika pembeni, herufi mbili zimeliwa.
"Leo soma kilichopo," akasema.

Nilisoma. Mistari saba tu, na sikuwa nikijua ni michache hivyo,
nilikuwa nimeiogopa kama sura nzima.
Kwenye wa tano sauti ilinikwama.
Tunu akaumalizia yeye, na wa sita, na wa saba,
bila kutazama kitabu.
Kisha akateremka kitandani pekupeku,
nikasikia kata ikigonga mtungi,
akaniletea maji.