Sindano za Msonobari

Nilizipata Gikomba, chini ya belo la makoti,
zimefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani:
mbao mbili, ndefu, nyembamba, ncha zimejikunja juu.
Muthiani alisema ni za kitanda cha mtoto.
Halafu akasema ni za kuanikia samaki.
Halafu akachoka kudanganya.
"Mia nane, dada, uniondolee."

Skii. Mtu alikuwa amechonga jina lake kwa kisu,
herufi zenye vinukta nisizoweza kutamka.
Yeye alikuwa na theluji. Mimi nina Julai,
nina ukungu wa Dagoretti na baridi isiyoganda popote ila vidoleni,
nina msitu wa Ngong Road, ule upande wa misonobari
ambako sindano zimeanguka miaka hamsini
pasipo mwenye fagio.

Zikilowa, huteleza.
Hiyo ndiyo siri yote. Niliigundua kwa makalio.

Basi kila Jumamosi, kabla jua halijapenya,
nafunga raba zangu kwa vipande vya blada,
nasukuma kulia, nasukuma kushoto,
mipini miwili ya mafagio mikononi,
shaa, na shaa,
kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili.

Njia si yangu. Hakuna aliyeichonga wala anayeisawazisha.
Wapo wakimbiaji wenye saa zinazowakaripia,
wapo farasi, na mavi yao yanayofuka,
yupo kijana wa baiskeli isiyo na breki:
"Njia! Njia! Njiaaa!"
Napisha, napishwa, na kila apitaye
hunivurugia mistari yangu miwili.
Nilikuwa nawanung'unikia, kimoyomoyo, hadi getini.

Mpaka juzi, nyuma ya mzigo wa kuni
mpana kuliko njia yenyewe.
Sina kengele. Nilikohoa.
Hakugeuka, mwenye mzigo kichwani hageuki.
Aliuliza tu:
"Ni wewe nyoka wawili?"

Kumbe wanawake wa kuni wameziona alama tangu Mei.
Wakabishana: chatu na mkewe. Mkokoteni wa jini.
Wengi wakaihama njia,
wakawa wanazungukia mtoni,
nusu saa zaidi, na mzigo kichwani.

Nusu saa.
Nilisimama pale na mipini yangu ya mafagio
kama aliyefumaniwa akicheka matangani.

Akatua kuni. Akaukanyaga ubao mmoja kwa kandambili,
akaubonyeza, akausikiliza.
"Na zinabeba?"

Sikujua. Tuliulaza mzigo juu ya zote mbili,
tukaukaza kwa leso yake na blada zangu,
yeye mbele akivuta, mimi nyuma nikizuia,
na mteremko ukakataa kuzuiwa.
Nekoye (jina alinitajia katikati ya mayowe)
alijirusha kichakani, nami nikaachia,
na kuni zikaenda peke yao,
zikawapita farasi, zikampita kijana wa baiskeli
aliyenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue,
zikaenda kusimama miguuni pa Lekishon, askari wa geti,
polepole, kama mgeni anayejua kubisha hodi.

Lekishon alizitazama kuni. Akazitazama mbao.
Akatoa kitabu cha risiti, akalamba kidole,
akafunua: mtembea kwa miguu, baiskeli, farasi, mzigo wa kuni.
Akarudi ukurasa wa kwanza.
"Sasa hii," akauliza, "niandike nini?"

Nekoye alikuwa akichomoa sindano kwenye nywele, moja moja.
"Andika wawili kwa miguu," akasema.
"Hao nyoka tunafuga."

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito, sikuona mtu.
Ila katikati, baina ya mstari na mstari,
kandambili, kandambili, kandambili,
na moja yenye kisigino kilicholika upande,
zote zinapanda.