Swali Asiloliuliza Mgeni wa Burhanpur

Shuka haraka, treni haisimami sana hapa.
Wenye bajaji watataja rupia mia tatu.
Sema mia na hamsini, mpe dereva muda wa kununa,
atakubali kabla hujamfikia muuza ndizi.
Mimi ni Tarannum, binti Yakub mfumaji:
kitambulisho cha serikali shingoni,
viatu vilivyoshonwa mara mbili.
Karibu. Ng'ombe wa mtaa huu hawana haraka, wapishe.

Kwanza maji.
Nje ya mji, Dagdu atatuteremsha kwa lifti yake ya kelele
kina cha ghorofa saba, hadi chini ya kisima.
Huko utasikia mlima unavyojikamua
tone kwa tone, kwenye mfereji uliochongwa
na mikono ambayo hakuna aliyeiandika.
Visima vimeshikana gizani karne nne.
Gusa ukuta: chokaa imeota kama meno ya mtoto.
Kunywa. Wengine huogopa.
Dagdu ameyanywa miaka thelathini na bado ana madeni,
kwa hiyo si dawa ya kila kitu.

Sasa msikiti wa Ijumaa.
Vua viatu, jiwe lina moto, fuata kivuli.
Kuna maandishi ya Kiarabu, yapo na ya Kisanskriti,
yote yakimtaja Mungu bila kukanyagana.
Wageni hupiga picha, huniuliza, "Kweli?"
Jiwe lina sababu gani ya kujipendekeza?

Unasikia hiyo, tak-tak, tak-tak?
Si mvua. Ni mitambo ya kufumia:
nyuzi za watu wengine, mashati ya watu wengine.
Baba aliisikia miaka arobaini.
Siku hizi umeme ukikatika usiku hushtuka,
anadhani amekufa.

Haya, swali lako nalijua,
limekukaa mdomoni tangu stesheni:
malkia alizikwa wapi?
Tuvuke Tapti.
Hapa. Miezi sita tu, kisha wakamfukua,
wakampeleka kaskazini, kwenye marumaru
uliyoiona kwenye kopo la chai na ukuta wa hoteli.
Sisi tukabaki na uwazi wa heshima,
mbuzi wawili, na mlinzi anayesinzia.
Alikufa akijifungua mtoto wa kumi na nne.
Wageni huinamisha vichwa. Kumi na nne!
Huuliza mfalme alilia siku ngapi,
marumaru ilibebwa na tembo wangapi.
Mwaka wa kumi na moja huu nafanya kazi hii,
hakuna aliyeniuliza kuhusu mtoto.

Alikuwa wa kike. Aliishi.
Lazima kuna mtu aliyempangusa,
mtu aliyemtafutia ziwa,
mtu aliyemsogeza dirishani autazame mto
huku jumba zima likilia upande wa pili.

Mimi nilizaliwa hospitali ya wilaya.
Baba alikuja na kitambaa alichokifuma mwenyewe,
cha kunifunika mimi.
Walimfunika mama.
Hakukuwa na marumaru. Kulikuwa na shangazi Mehjabin,
mwanawe kifuani, titi moja halina mtu.
Akasema, mleteni na huyo.

Samahani. Hilo halimo kwenye ziara,
usiniongezee hela.

Turudi sokoni kwa Hiralal, ukale jelebi nyeusi
ya maziwa yaliyochemshwa hadi yakasahau kuwa maziwa.
Ile ikiwa moto. Usimbebee mtu, njiani hulala.
Treni yako ni saa kumi na mbili kasorobo,
maana yake saa moja.
Ukifika huko kaskazini, mbele ya jumba jeupe,
watakuhesabia vito. Waache wamalize.
Kisha waulize mtoto alinyonya kwa nani.

Na ndizi, chukua za yule mzee wa mwisho.
Rupia kumi. Akisema ishirini, nitaje mimi.