Mwanya

Mtafiti anaanza na penseli, sindano baadaye.
"Wanaume miraba," anasema, "wanawake duara.
Aliyetangulia tunamkata kwa mstari."
Ghorofa ya pili, Upanga, feni ina kwikwi,
nami naupanga ukoo wangu juu ya karatasi
kama mtu anayehesabu vyombo baada ya mafuriko.

Baba mkubwa Pazi: mraba, mstari.
Alikufa na nini?
Nyongo. Macho yaligeuka binzari,
mkojo ukawa chai ya rangi,
majirani wakasema kalishwa kitu harusini Kisarawe
na watu wawili mpaka leo hawasalimiani.

Shangazi Mwamvua: duara, mstari.
Kisukari. Kilimvamia ghafla, mtu mwembamba,
mtu ambaye hata uji aliunywa na chumvi.

Baba.
Mraba umeshachorwa. Penseli inangoja.
Mgongo, nasema.
Alikuwa fundi cherehani Kariakoo, miaka thelathini ya kuinama,
tukaulaumu mgongo. Tukamkanda kwa mafuta ya karafuu,
tukamnunulia godoro kwa mkopo.
Godoro limedumu kuliko yeye. Bado nalilalia.

Dada Tusekile anaitazama ile mistari mitatu
kwa muda ambao feni inakwama mara mbili.
"Vifo vitatu, majina matatu," anasema.
"Huenda mgonjwa alikuwa mmoja."
Kisha anaweka kiganja juu ya kitovu, anakisukuma ndani:
"Huku. Nyuma ya tumbo. Kongosho."

Kongosho! Nimewahi kuliombea dua lini?
Moyo nimeuimba, ini nimeliapia,
figo nimezichangia kwenye misiba ya watu.
Hili limekaa kama mpangaji wa chumba cha uani:
kodi linalipa, sauti halina,
jina lake hulijui
hadi usiku wanapokuja kuvunja mlango.

"Katika vinasaba," anasema, "tunatafuta herufi moja.
Herufi bilioni tatu, na moja imeruka.
Panabaki kama mwanya."
Nikacheka, sikujizuia,
na mwanya wangu ukatokea mbele ya mtaalamu:
wa Pazi huu, wa Mwamvua, wa baba,
tuliousifia kila arobaini, kila ngoma,
*damu ya Kondo hiyo, haijifichi.*
"Huo hauna kosa," ananiambia. "Huo ni pambo."
Lakini mimi nimeshajua damu inavyojua kurithisha
bila kumuuliza mtu anataka kipi.

Ananifunga mpira mkononi. Haniahidi kitu.
Damu itagandishwa, itangoja zamu yake,
majibu yanaweza kuchelewa, yanaweza yasiwe yangu,
yakawa ya mtoto ambaye bado hajaitwa jina.
"Ila sikia. Toka chembe ya kwanza inapoasi
hadi siku macho yanapogeuka manjano,
inapita miaka. Miaka, dada yangu.
Na sisi siku zote tunafika siku ya macho."

Kwa hiyo hapo katikati, nasema, pana mwanya.
Anainua uso. Hatabasamu.
Anaandika neno lenyewe pembeni ya karatasi.

Halafu: "Ndugu wengine?"
Shomari. Mraba, hauna mstari.
Arobaini na sita, dereva wa lori la saruji, Wazo.
Nilimpigia jana nikamwomba tuje wote.
Akasema, "Ukichokonoa sana utakipata.
Mimi nakula, nalala, sina neno."

Sina neno.
Na Jumapili alipoinama kumfunga mwanangu kiatu
niliuona mkanda wake:
tundu jipya, limetobolewa kwa msumari,
na pembeni yake lingine, jipya zaidi.
Nilimtania. Nilisema, kaka, umerudi ujana.

Nimeshuka ngazi na pamba mkononi.
Simu inaita, inaita. Anapokea, injini inanguruma.
Ugonjwa sikuutaja, wala kongosho, wala baba.
Nimesema tu: Shomari,
kesho saa mbili, Upanga.
Vaa ule mkanda.