Mibofyo Tisa

Gari lina wiki sita, harufu ya duka bado haijalitoka.
Nimelilipa taslimu, pauni juu ya pauni,
akiba ya miaka ishirini ya kupika shuleni,
viazi vya kuponda, njegere, wali wa maziwa.
Na breki ya mkono, ukiivuta,
inapanda kama mkono wa mtoto asiye na hakika ya jibu:
ta, ta, ta, nahesabu hadi tisa,
ndipo inashika. Na kushika kwenyewe, mh,
ni kwa mgeni anayekusalimu kwa ncha za vidole.

Mtaa wetu hapa kaskazini mwa Welisi
haulijui neno tambarare.
Nyumba zimeegemeana mabega zisiporomoke.
Maji ya mvua ya kwa Bwana Pugh, kule juu,
hupiga hodi kwangu kabla ya kushuka kwa Gwenllian.
Basi naacha gia ya kwanza,
nageuza matairi yatazame ukingo,
na nyuma ya gurudumu naweka jiwe la machimboni.
Gari la maelfu, mlinzi wake jiwe.

Nikarudi dukani na kitabu cha dhamana,
kurasa arobaini, maandishi ya sisimizi.
Miaka mitano, kimesema, au maili elfu sitini.
Kijana wa mapokezi, tai nyembamba,
akalitoa uani, akavuta, akalisukuma kwa paja.
"Unaona, Bi Eluned? Halijasogea."
Kweli halikusogea. Uani kwao
ukimwaga maji, yanakuuliza yaende wapi.
Kitanda usichokilalia, walisema wahenga;
mteremko usiouegeshea, nasema mimi.
Akaandika: Hakuna kasoro iliyoonekana.
Mara ya pili wakaandika: Iko ndani ya viwango.
Mara ya tatu wakaniosheia gari.
Likarudi linang'aa, breki ileile,
na peremende juu ya dashibodi.

Baba yangu alishika breki machimboni.
Si ya gari: ya mabehewa ya mawe
yaliyoteremshwa mlimani kwa kamba ya chuma,
yeye kibandani juu, tani zote mikononi mwake,
akisikiliza. Breki husikilizwa kwanza, alisema,
mkono hufuata.
Siku kamba ilipolia vibaya aliwaambia wakubwa,
nao wakamjibu: imepimwa.
Hadithi hiyo hakuimaliza hata mara moja.
Akifika hapo, aliomba chai.

Kwa hiyo mara ya nne sikuchukua kitabu.
Nilimwomba fundi mwenyewe, Deiniol, aje kwangu.
Nikampa chai na mkate wa zabibu, vipande viwili,
kisha nikamwambia: egesha wewe,
kwa mkono wako, bila gia, bila jiwe.
Akavuta. Tisa.
Akashuka, akafunga mlango kwa adabu.
Tukasimama kwenye manyunyu.
Kimya. Nikaanza kuona haya,
mwanamke mzima kumtoa mtu kazini.
Kisha gari likashusha pumzi,
likateleza upana wa kidole.
Kidole kingine.
Halafu likaamua.

Sikujua mwanamume mwenye kitambi kile
anaweza kukimbia vile.
Aliufungua mlango gari likiwa safarini,
akajitupa ndani, miguu nje nusu,
likasimama shubiri moja
kutoka chupa za maziwa za Gwenllian.
Akabaki humo, mguu juu ya pedali,
akitazama mbele kama aliyeko kanisani.
Nikaja dirishani na jiwe.
"Kebo," akasema. "Haikukazwa tangu kiwandani.
Kazi ya dakika ishirini."

Dakika ishirini.

Sasa ni mibofyo mitano, na inashika
kama mtu anayekufahamu.
Hawakunitoza hata senti.
Kwenye fomu wakaandika: Marekebisho madogo.

Gwenllian akitoka kuchukua maziwa yake
hulitazama gurudumu, hunitazama mimi.
"Si lilipona hilo?"
Lilipona, namwambia.
Ingia ndani, mwenzangu, utashikwa na baridi.
Naye huingia, na mimi nainama
kuhakikisha jiwe limekaa sawa.