Daftari la Umisheni, Pongwe

Mimi ndiye mhazini. Kalamu yangu ni ya buluu,
nyekundu naiweka kwa madeni.
Ukurasa wa kumi na nne nimeandika:
*Yai moja, la Bi Hilda Kaoneka. Shilingi elfu thelathini na saba.*

Msishangae. Ni mnada wa baada ya ibada.
Yai alilinunua fundi cherehani, akalirudisha mezani.
Akalinunua dereva wa lori la saruji, akalirudisha.
Likashuka kwa watoto wa Jumapili
waliochangishana sarafu za ubuyu,
mpaka likapasukia mkononi mwa mzee wa kanisa,
na hata hapo akatokea mtu akalipia ganda.

Hivyo ndivyo tulivyomtuma Elieza Shekiondo,
mwana wa hapa hapa, mgonga kengele aliyechelewa kila wiki,
kwenda Papua,
mahali ambapo ramani ya shule yetu imechanika.
Kila robo mwaka napeleka fedha benki, Tanga mjini.
Kila robo mwaka stakabadhi inarudi.
Nabandika. Napiga mhuri. Najiona mtu.

Mchungaji hupenda kusema kapu likianza kupita:
"Haba na haba, wapendwa."
Nasi twamalizia: "Hujaza kibaba."

Mwezi wa nne, masika yalipokaza,
nilikwenda kwa mama yake kutafuta saini ya fomu.
Akanipa kiti, yeye akakalia kinu,
maana ndoo zote zilikuwa kazini.
Sita. Nilizihesabu, kuhesabu ni ugonjwa wangu.
Ya sita ilikuwa katikati ya kitanda,
naye, nikaona kwa mkunjo wa shuka,
hulala ukingoni, kama mgeni.

Tone. Tone. Beseni likaitika.
Mama Elieza akacheka:
"Si ndiyo haba na haba yenu hiyo, mhazini?
Kibaba kimejaa. Ngoja nikamwage."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.
"Niseme nini? Mwanangu yuko kwenye kazi ya Mungu,
nami nianze kudai mabati?"
Kisha, kama anayeuliza bei ya dagaa:
"Saa hizi kwake ni saa ngapi?"
Miaka mitatu najua hesabu zake hadi senti.
Saa yake sikuijua.

Akachomoa barua ndani ya Biblia, imelainika kama kitambaa.
Elieza anauliza kama mnazi wa uani bado umesimama.
Anauliza mara mbili.
Barua ilikuwa ya mwaka juzi.
"Macho yangu hayaandiki tena," akasema mama.

Kamati ikaketi Jumatano.
Mmoja akasema fungu ni la Injili, si la paa.
Mwingine akasema tuandikie dayosisi kwanza.
Bi Hilda si mjumbe, alikuwa amefuata sufuria yake jikoni.
Akasimama mlangoni, sufuria kwapani:
"Huyo mtoto huko ugenini analala?
Mvua ikinyesha Pongwe, nani anaota zile ndoo?"
Hakuna aliyempinga.
Au labda ilikuwa njaa, saa nane ilishapita.

Jumamosi dereva wa saruji akaleta mabati kumi na mawili,
mawili yana kutu.
Fundi cherehani akapanda juu, nyundo si sindano,
akajigonga kidole akatoa neno ambalo siliandiki humu.
Mimi nilishika ngazi.

Ukurasa wa kumi na tano, wino wa buluu:
*Umisheni wa Papua: mabati kumi na mawili,
misumari kilo mbili, plasta moja.*
Mkaguzi atakuja mwezi wa tisa,
ataweka alama ya kuuliza pembeni.
Aiweke.

Chini yake, safu ya fedha nimeiacha wazi:
*Barua moja.*
Nimeiandika mwenyewe, usiku, kwa mkono wa mahesabu:
Elieza, nimeuliza, kwenu mmetutangulia saa saba.
Mnazi upo, umeinama kidogo.
Kengele siku hizi anagonga Shemweta, naye huchelewa.
Mama yako analala katikati ya kitanda.